Radhi za Mama kwa Kihispania

Mtaani kwake walimwita Mama Subana, kwa sababu kile kikofia cha chuma ambacho mafundi huvaa kidoleni wasichomwe na sindano hakikumtoka hata akiwa anakula. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, fundi wa nguo za kike, mwenye chumba kimoja cha kazi na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani. Miaka thelathini aliutazama ukuta ule. Nyufa zake alizijua moja moja, kama mtu anavyojua mistari ya kiganja chake.

Basi mtu huyo, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kufuata vifungo mji wa pili, ndiye aliyejikuta asubuhi moja ameketi kwenye dawati katika nchi ya mbali, nchi ambayo jua lake huchelewa kutoka kama mtu asiyetaka kazi, daftari jipya mbele yake, anajifunza Kihispania.

Kilichompeleka huko hakikuwa matembezi. Alikuwa amebeba amana.

Alikuwa na kaka mmoja tu, yule aliyemwachia ziwa. Kaka huyu, alipokuwa na miaka ishirini na mbili, alipata kazi ya jikoni katika meli ya mizigo, na mama yao hakutaka kusikia. Walibishana siku tatu. Siku ya nne kijana akafunga mzigo wake, na mama kwa uchungu akasimama mlangoni akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, usirudi, na usiniite mama tena." Kijana akavuka. Fundi wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, amesimama nyuma ya mama yake na nguo mbichi mikononi, maji yanamtiririkia miguuni.

Kaka akashukia nchi ya watu, akaoa hukohuko, akapata kazi ya kuoka mikate, akatulia. Alimwandikia dada yake barua, na simu zilipokuja akampigia kila mwezi. Lakini ukimwambia, "Ngoja nikupe mama," simu ilikatika. Na ukimwambia mama, "Huyu hapa mwanao," mama alikumbuka nguo za kuanua. Ukaidi wao ulikuwa wa kurithi, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake urithi peke yake.

Miaka thelathini na minne ikapita hivyo. Asubuhi ya mwisho ya maisha yake, mama akamwita bintiye karibu na mto wake wa kulalia.

"Lile neno nililomwambia kaka yako," akasema, "nililirudisha siku ileile. Hajafika hata kona, nilikuwa nimekwisha kulirudisha. Ila sauti haikunitoka, naye hakugeuka. Mwambie radhi zangu anazo, zote, tangu siku ile. Mwambie kwa kinywa chako. Usimtume mtu, wala usiandike."

"Nitamwambia, mama."

"Usikawie. Wewe nakujua, unakawia."

Naye kweli akakawia. Habari ya kifo alimpigia kaka yake, lakini lile neno alisema lingoje matanga yaishe kwanza. Yalipoisha akasema atulize moyo, maneno mazito namna hii hayasemwi na mtu anayelia. Akawa anayapanga kichwani, anayapangua, anayapanga upya. Siku ya kumi na moja simu ikalia, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa binti wa kaka yake.

"Shangazi, baba kaanguka. Kiharusi. Yu hai, tumshukuru Mungu. Mkono wa kulia umelala. Na, shangazi... Kiswahili kimemtoka."

"Kimemtoka vipi? Lugha ya mtu inang'oka kama jino?"

"Daktari anasema lugha zake zilikaa kama vyumba viwili. Chumba kimoja kimefungwa, na ufunguo hauonekani. Kihispania anacho, cha polepole. Nikimsemesha Kiswahili ananitazama tu."

Fundi aliketi sakafuni palepale, katikati ya vipande vya kitambaa, akaona jinsi mtu anavyoweza kuchelewa kwa siku kumi na moja na zikawa kama miaka kumi na moja.

Binti akasema, "Niambie mimi, shangazi. Nitamwambia kwa Kihispania, leo hii."

"Amana haipokezwi mkono kwa mkono, mwanangu. Mama alisema kwa kinywa changu."

"Kinywa chako hakijui Kihispania."

"Basi kitajifunza."

Binti huyo alikuwa akiuza miwani katika duka moja la mjini, na mtu wa kuuza miwani hakosi kuona njia. Akatafuta shule inayofundisha wageni lugha, miezi mitatu, na shule ikatoa barua ya kuombea kibali, na nauli ikapatikana. Fundi akafunga chumba chake cha kazi, akafunika cherehani kwa shuka, akaondoka.

Nyumba ya kaka ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zenye harufu ya sabuni. Wifi yake, mwanamke mnene wa zamani aliyekonda kwa kuuguza, alimpokea kwa kumshika mashavu yote mawili na kulia bila kusema. Kaka alikuwa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, blanketi magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Fundi akamsalimu kwa Kiswahili, kama alivyozoea kumsalimu kwenye simu. Kaka akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa jirani. Kisha akauinua ule mkono wake mzima, akamgusa kipaji cha uso, penye kovu la utotoni, na macho yakamjaa maji. Alimjua. Akasema maneno mengi laini ambayo fundi hakuelewa hata moja. Fundi naye akasema yake. Kaka akayasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati: yanapendeza, lakini hayasemi kitu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha kaka hakikuwa kimepotea chote duniani. Kilikuwa kwa binti yake. Alimfundisha tangu mdogo, naye alimfundisha kile alichoondoka nacho, cha vijana wa miaka ile, na misemo ambayo huku nyumbani ilikwisha kuzikwa na waliokuwa wakiisema. Binti alipoingia jioni, akatupa mkoba na kusema, "Shangazi, nimechoka ile mbaya, hebu nipishe nijimwage hapo," fundi alishtuka. Ilikuwa sauti ya msichana, lakini aliyesema alikuwa kaka yake, ana miaka ishirini, anarudi kutoka mpirani.

Shule ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Wanafunzi walikuwa tisa: dereva wa lori, akina dada wawili wa kusafisha hoteli, vijana waliofuata masomo, na yeye. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba ambaye sweta yake ilikuwa imefumuka kwenye kiwiko, na fundi kwa wiki ya kwanza nzima hakuona kingine ila kile kiwiko.

Alijifunza jinsi alivyojua kufanya kazi. Fundi wa kweli hashoni mpaka amekata vipande vyote, maana kitambaa kikikatwa vibaya kimekatwa, hata umwite nani. Basi akaligawa daftari lake kama gauni. Kurasa za mbele zilikuwa kifua: salamu, watu, ndugu. Za katikati zilikuwa mgongo, maneno ya jana na juzi na zamani. Mikono ilikuwa maneno ya kufanya: kwenda, kuvuka, kurudi, kusikia. Kurasa za mwisho zilikuwa kola. Kila fundi anajua kuwa kola ndiyo inayoumbua mtu. Hapo aliweka maneno ya moyo na ya Mungu. Kila jioni, baada ya sala, alikata vipande vipya, akavipanga vizuri, na hakushona hata kimoja. Alisema moyoni, vikitimia nitamwambia kaka yangu mara moja, mshono ulionyooka, neno la mama lisitoke limepinda.

Mitihani ya kuandika aliishinda yote. Ya kuzungumza alinyamaza.

"Senyora," mwalimu alimwambia siku moja, akikaa kwenye ukingo wa dawati lake, "wewe una maneno kuliko wote humu ndani. Yote yako stoo. Utayatoa lini?"

Fundi akatabasamu, akaangalia mikono yake.

"Kosea, nakuomba. Hapa kwangu makosa ni bure. Yule dereva ananikosea kutwa na bado nampenda."

Darasa likacheka, na dereva akasimama akainama kama mtu aliyepewa tuzo. Fundi alielewa kila neno, na kwake ajabu ilikuwa hiyo. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa kwa vifungo vyake vyote.

Masomo yaliisha saa sita, na kaka alilala mchana mpaka saa kumi. Saa nne hizo zilikuwa za fundi peke yake, na alizitumia kutembea. Kila siku alichukua barabara asiyoijua. Mwanzoni maandishi juu ya milango yalikuwa kama maua ya kitambaa, mapambo tu. Alipita chini yake kama mtu anayetembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine: watu wanafungua midomo, magari yanateleza kwenye mvua nyembamba, kengele inalia mahali, na hakuna kinachomhusu. Alikuwa mwepesi. Mungu amsamehe, kulikuwa na siku alisahau kabisa kilichomleta. Alisimama juu ya daraja la mto, akatazama maji yanavyobeba mwanga vipande vipande, na akafikiri kuwa miaka thelathini alikuwa na ukuta, na hapa kila dirisha linatazama mbali.

Kisha maneno yakaanza kumfungukia. Siku moja aliinua macho akaona neno juu ya mlango, na kabla hajalisoma alikuwa amekwisha kulielewa: mkate. Akageuka: viatu. Akavuka barabara: dawa, funguo, maua, usiegeshe hapa. Mji ulikuwa unafungua kifungo kimoja kila siku. Aliketi kwenye bustani ndogo yenye viti vya chuma akawa anasikia mazungumzo ya watu yakimpitia, nusu yake ukungu na nusu maneno, na ule ukungu ulikuwa unapungua kama asubuhi inavyopungua. "...nikamwambia dada yangu hapana..." "...mvua tena kesho..." "...wewe mama, huyu mtoto kachafuka..." Alicheka peke yake. Watu ni walewale.

Siku moja katika bustani ile akapita bibi mmoja mwenye koti la sufu la kijivu, koti zuri, la mtu aliyejua fundi wake, na pindo lake lilikuwa limeachia nyuma, linaburuzika topeni. Fundi alisimama. Maneno alikuwa nayo yote: pindo, uzi, sindano, subiri, tafadhali. Sindano yenyewe alikuwa nayo, imechomekwa ndani ya kola yake, na uzi wa kijivu ulikuwa mkobani. Akamfuata bibi yule barabara mbili nzima, anapanga maneno, anapangua, anapanga upya. Walipofika kwenye taa za barabarani bibi akavuka, gari likapita katikati yao, na lile koti likaishia kwenye watu. Fundi akabaki ukingoni na sentensi iliyotimia kichwani, imenyooka, haina mwenyewe.

Alirudi nyumbani moyo umemwinama. Hakumwambia mtu.

Mbele ya kaka ilikuwa vilevile. Kila siku saa kumi alivuta kigoda, akaketi karibu na kiti chake, akamshika mkono. Kaka alizungumza polepole, maneno mafupi: baridi, ndege, kahawa, vizuri. Fundi aliyaelewa, akaitikia kwa kichwa. Binti akawa anamtania.

"Shangazi Bubu, umekula?"

"Nimekula, we mtoto usiye na haya."

"Kwa Kihispania!"

"Nenda zako."

"Shangazi, mbona darasani unapata mia kwa mia, halafu hapa unakuwa kama picha ukutani? Unangoja nini?"

"Nangoja neno moja tu." Na kweli lilikuwepo neno lililompungukia. Alikuwa akitafuta neno la radhi. Kamusi ilimpa msamaha, ikampa baraka, ikampa ruhusa. Kila moja alilishika akalipima kwa mama, na kila moja lilibana mahali au kupwaya. Bila neno hilo, alisema, kola haikamiliki.

Wiki ya tisa daktari akaja, akamsikiliza kaka kifua, akatoka na wifi mpaka kwenye ngazi. Mlango haukufungwa vizuri, na fundi alikuwa jikoni. Akasikia kila neno, na hakuhitaji mtu wa kumfasiria. "Moyo wake umechoka, senyora. Msimwekee ahadi za mbali." Wifi akasema, "Wiki? Miezi?" Daktari akasema, "Sijui. Za karibu tu."

Tangu siku hiyo kaka akawa analala zaidi. Akiamshwa saa kumi, saa kumi na moja macho yamefumba tena. Ndege ya fundi ilikuwa Alhamisi ya wiki ya kumi na tatu. Akasali kwa bidii kuliko alivyowahi kusali. "Mungu wangu, nipe neno moja," alisema, "moja tu." Lakini neno halikuja. Wiki ya kumi ikapita, na ya kumi na moja. Radhi za mama zilikuwa kifuani pake zimekunjwa vizuri, na mwenyewe, kaka yake, alikuwa kiti cha pili, hatua mbili, anaondoka kidogo kidogo.

Sasa, mkono wa fundi hauwezi kukaa bure. Nguo zote za wifi zilikuwa zimempwaya kwa kukonda, na fundi alikuwa amenunua kitambaa cha buluu iliyoiva, akaanza kumkatia gauni. Jumamosi ya wiki ya kumi na mbili, asubuhi, kaka akiwa macho kwenye kiti chake dirishani, fundi alivipiga bandi vile vipande kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kushikizia tu, akamwambia wifi kwa ishara avae.

Wifi akavaa. Akasimama mbele ya kioo cha kabati. Mkono mmoja ulikuwa mrefu, mwingine haujawekwa, nyuzi nyeupe zimetambaa mwilini mwake kama barabara kwenye ramani. Akamgeukia fundi na uso wa mtu aliyeletewa chakula kibichi.

"Hivi?" wifi akasema kwa lugha yake. "Niende kanisani hivi? Padri atafikiri nimetoka hospitali."

"Hapana, hapana!" fundi akasema. Midomo ilikuwa imejaa pini, akazitema kiganjani. "Uzi huu kutoka. Uzi huu si mwisho. Kwanza mbaya, tunaona mwili, tunaona wapi kubana. Bila mbaya, hakuna nzuri. Simama! Usicheke, mkono unaanguka!"

Wifi aliacha kucheka. Akamtazama kwenye kioo.

Binti alikuwa mlangoni na kikombe. "Shangazi," akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kumtisha ndege. "Umesema."

"Nimesema nini?"

"Kihispania. Kibovu, lakini Kihispania kabisa."

Fundi alisimama na pini kiganjani. Alikuwa ameyasema maneno kumi, ishirini, yamepinda, hayana kichwa wala miguu, na wifi alikuwa ameelewa kila kitu. Akaitazama ile nguo. Miaka thelathini alikuwa akiwapa wanawake nguo mbovu wazivae, zimeshikizwa kwa uzi wa kutolewa, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kujua kama nguo itamkaa mtu. Hata nguo ya harusi. Hasa nguo ya harusi. Na neno la mama yake akalikata vipande vyote, akavipanga, akavitazama wiki kumi na mbili, asimvalishe mwenyewe hata mara moja! Fundi gani huyo? Angekuwa mwanafunzi wake angemchapa na futi.

"Shika hizi," akamwambia binti, akamkabidhi pini.

Akavuta kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya kaka. Kaka alikuwa akitazama ndege kwenye paa la mbele. Fundi akamshika mkono ule mzima, akaanza. Hakukumbuka kifua wala mgongo wala kola.

"Kaka. Sikiliza. Mama."

Kaka akageuza macho.

"Siku ya kwenda wewe. Mama alisema, usirudi. Mimi nyuma, mimi nilisikia. Wewe ulisikia."

Uso wa kaka ukakaza. Mkono wake ukataka kutoka, fundi akaushikilia.

"Subiri. Wewe ulitembea. Wewe bado karibu. Mama alisema tena, ndani, hapa," akajigusa kifua. "Alisema, rudi. Alisema, mwanangu. Lakini bila sauti. Wewe hukusikia. Mimi sikusikia. Hakuna mtu. Mungu tu alisikia."

Wifi alikuwa amesimama ndani ya nguo yake ya nyuzi nyeupe, mikono kifuani.

"Siku ya mwisho, mama aliniambia. Hasira hapana. Hasira miaka mingi hapana. Moyo wa mama wote kwako. Mlango wazi. Tangu siku ile, kaka, mlango wazi."

Kaka alimtazama muda mrefu, macho yake yanapita usoni mwake kama mtu anayesoma barua mara ya pili, na fundi akaogopa kuwa mshono haukushika, kwamba amechelewa hata kwa hili. Kisha kaka akauliza swali, na swali lenyewe halikuwemo katika daftari lolote.

"Aliumwa sana?"

Fundi angeweza kusema hapana. Alisema, "Usiku, ndiyo. Asubuhi, kidogo. Asubuhi alikunywa chai. Alisema..." akatafuta, akapapasa, akaokota lililokuwa karibu, "alisema, chai hii, sukari iko wapi? Nyinyi mnaficha sukari?"

Bega la kaka likatikisika. Fundi akafikiri ni kilio, na kilikuwa kilio, lakini katikati yake kulikuwa na kicheko kinachohangaika kutoka.

"Sukari!" kaka akasema. "Vijiko vinne! Siku zote!"

"Vitano," fundi akasema, "mwisho, vitano."

Wakacheka wote wawili, vichwa vimegusana, na machozi yakadondoka kwenye blanketi, ya nani hayakujulikana. Wifi hakuelewa habari ya sukari lakini alilia kwa nafasi yake. Binti aliketi sakafuni na pini zote mkononi.

Kaka alipojifuta uso, akatazama dirishani, kisha chini, kwenye miguu yake yenye soksi. Akasema neno moja. Wifi akasema, "Nini?" Akalirudia.

Viatu.

"Haiwezekani," wifi akasema. "Miezi mitano hujashuka ngazi. Daktari..."

"Daktari hana viatu vyangu," kaka akasema.

Binti akamnong'oneza shangazi yake, "Umeamsha nini sasa?" lakini alikuwa amekwisha kuinuka kuvitafuta. Fundi alipiga magoti akamvalisha kaka yake viatu, akafunga kamba. Alikuwa akinung'unika shukrani kwa Mungu kwa Kiswahili, na Kihispania kilikuwa kinamponyoka katikati yake, na hakukizuia.

Ngazi ziliwachukua nusu saa. Kaka katikati, binti kulia, fundi kushoto, na wifi mbele yao anarudi kinyumenyume ndani ya gauni lake la bandi, mikono imetandazwa kama mtu anayepokea kabati lisianguke. Alikuwa amesahau kuvua. Chini jua lilikuwa limetoka, jua jembamba la huko, na mtaa ulikuwa umelowa, unang'aa. Fundi alikuwa amepita pale kila siku kwa wiki kumi na mbili. Lakini alipita na macho yake tu. Leo alikuwa na mwenye mji.

Kaka alitembea hatua, akapumzika, akatembea hatua. Kwa fimbo iliyokuwa katika mkono wake mzima akaonyesha. "Hapo, nililala kwanza. Chumba, dirisha hapana." Hatua. "Hapo, kazi. Mkate. Asubuhi, giza, moto." Hatua. "Hapo, yeye," akamwonyesha wifi, "alipita. Alinunua mkate. Kesho, tena mkate. Kesho, tena. Peke yake, mkate mwingi!" Wifi akampiga kibega na kuona haya kama msichana. Kihispania cha kaka kilikuwa cha hatua mojamoja, na cha fundi vilevile, na kwa sababu hiyo walikwenda sawa, hakuna aliyemwacha mwenzake. Mambo ya miaka thelathini na minne yalikuwa yanatoka kwenye kuta zile kama harufu ya mkate, na fundi aliyaona yote: kijana mwembamba na mzigo wake, anakuja kwenye mvua.

Walifika kwenye duka la kinyozi. Kinyozi, mtu mkubwa mwenye sharubu, alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Alipomwona kaka, taulo lilianguka. Akamkumbatia, akambusu, akamkemea kwa kukaa ndani, yote kwa pamoja. Kisha akamwona fundi.

"Na huyu?"

Kaka alijinyoosha mgongo, kadiri mgongo ulivyokubali.

"Dada yangu," akasema. "Fundi. Ametoka kwetu. Anasema Kihispania."

Kinyozi akamgeukia fundi kwa furaha kubwa, akammiminia maneno kama ndoo iliyopinduliwa: haraka haraka, mikono hewani, swali juu ya swali, na utani ndani yake ambao uliwafanya binti na wifi wacheke. Fundi hakupata hata robo yake.

Akajibu.